Mrithi wa Kiti, Sura ya Mzee wa Ukoo

Ukimwonyesha mtu wa Arusha picha ya mtoto Edward, mrithi wa Henry VIII wa Uingereza, hata hajauliza ni nani jibu limeshamtoka: "Huyu Mangi kagoma kukopesha." Ukirudi kuiangalia unaona hajakosea. Mtoto amesimama kama yuko nyuma ya kaunta. Amevaa nyekundu na dhahabu, kofia yenye unyoya imekaa juu ya kikofia kingine, mashavu yamejaa. Mkono wa kulia ameuinua, kiganja wazi, kama anayeuliza deni la mwezi uliopita liko wapi. Kilichokosekana ni kibao cha "Leo taslimu, kesho mkopo" tu.

Mwingine atakwambia ni askofu mstaafu. Wa Moshi watasema ni mzee wa ukoo amesimama kugawa ndafu na ameona kidari hakipo. Wote wamepatia, na hilo ndilo la kushika kuhusu picha za warithi wa wafalme: panapochekesha ndipo palipolipiwa. Mchoraji alijua anachofanya, na mwenye hela alikipenda.

Edward alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1537. Mchoraji Hans Holbein alimkabidhi mfalme picha hii kama zawadi ya mwaka mpya wa 1539, kwa hiyo mtoto tunayemwona ana miezi 14 hivi. Leo iko National Gallery of Art, Washington. Umri huo mtoto anatembea kwa kushika makochi na anakula udongo ukigeuka kidogo. Holbein amemsimamisha wima, kifua mbele, na mkono wa kushoto amempa kichezeo cha kutikisa, cha dhahabu, akikishika vilevile mfalme anavyoshika fimbo ya enzi. Kifunike kichezeo hicho kwa kidole kwenye simu yako uone: nusu ya ucheshi inaondoka, mtoto anarudi kuwa mtoto. Funika na ule mkono ulioinuliwa, Mangi naye kafunga duka.

Chini ya picha kuna shairi la Kilatini alilotunga Richard Morison. Linamwambia mtoto amfuate baba yake, kwamba dunia haina kilicho kikubwa kuliko baba huyo, na akiweza tu kulingana naye watu hawatakuwa na la kudai zaidi. Picha ni ya mtoto, maelezo ni ya baba. Ni kama kadi ya ubatizo ambayo jina la mtoto limeandikwa kwa herufi ndogo na la mwenyekiti wa kamati limekula nusu ya ukurasa. Mama hatajwi. Jane Seymour alifariki siku 12 baada ya kujifungua. Henry alikuwa ameoa mara tatu na kukosana na Papa akimtafuta huyu mtoto wa kiume, na alipoipokea picha alimpa Holbein kikombe chenye mfuniko, kilichopakwa dhahabu. Mteja aliridhika.

Sasa, kuna uzee wa makusudi kama huu wa Holbein, na kuna uzee wa kukosea vipimo. Huo wa pili tunao hata kwetu, kwenye picha za hadibodi zinazoagizwa kwa ajili ya ubatizo au mtoto kutimiza mwaka. Mteja anatuma picha ya simu, baada ya wiki mbili anakabidhiwa mzee wa miaka 60 aliyefungwa nepi. Watu wanacheka vilevile, ila safari hii aliyelipa hacheki hata kidogo.

Kosa linaanzia kichwani. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi. Kichwa chake, toka utosini mpaka kidevuni, ni robo ya urefu huo, yaani sentimita 12 na nusu. Kwa mtu mzima, kichwa kinaingia kwenye urefu wake mara saba na nusu. Fundi aliyezoea kuchora watu wazima mkono wake umeshakariri saba na nusu. Akijitahidi kuupunguza unamgomea kwenye tano au sita, na hapo ndipo anapozaliwa yule mzee mfupi. Njia ya haraka ya kumkamata ni mikono. Waliopokelewa shule zamani kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili wanaijua. Mkono wa mtoto mchanga ukinyooshwa juu hauupiti utosi kwa kitu cha maana. Mchanga wa kwenye picha akionekana anaweza kulifikia sikio la pili, mpelekeni darasa la kwanza.

Uso nao una mpango wake. Macho ya mtu mzima yanakaa kwenye mstari wa katikati ya kichwa. Kwa mtoto mchanga mstari huo ni wa nyusi. Macho yako chini yake, halafu pua, mdomo na kidevu vinabanana kwenye nafasi iliyobaki. Ukiyapandisha macho mpaka katikati, paji linafupika, kidevu kinarefuka, na mtoto anaonekana ana marejesho ya benki mwisho wa mwezi. Sehemu ya jicho yenye rangi inakaribia ukubwa wa mtu mzima tangu siku ya kwanza, kwa hiyo weupe unaonekana kidogo pembeni. Ukiuacha weupe uzunguke pande zote, mtoto anakuwa kama mtu aliyesikia mlango umegongwa usiku. Shingo haionekani kabisa, kidevu kimekalia kifua. Watoto wa kifalme kwenye picha wana shingo kwa sababu wamevalishwa kola, na kola lazima ipate pa kukaa.

Halafu kuna ule mkunjo unaotoka puani kwenda pembe ya mdomo. Mtoto anao, hasa akilia, lakini kwake ni unene wa shavu tu umejikunja. Ukiuchora kwa brashi nyembamba na rangi nzito, umemwongezea miaka 50 kwa sekunde mbili. Utumie rangi ya shavu lenyewe, umeikoleza kidogo, halafu kingo zake uzifutefute kwa brashi kavu mpaka usijue umeanzia wapi. Hili kosa peke yake linaharibu picha kuliko mengine yote yakijumlishwa.

Lawama nyingine ni ya picha iliyotumwa. Simu ikisogezwa sentimita 30 kutoka usoni, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma, na fundi anachora alichopewa. Mtoto apigwe kutoka mita moja na nusu au mbili, picha ikuzwe baadaye, awe amelala karibu na dirisha, mwanga utoke upande mmoja, flashi izimwe. Kwenye hadibodi ya sentimita 40 kwa 50, kichwa cha mtoto mchanga kiishie sentimita 12 au 13, ukubwa wake wa kweli. Wateja wengi wanataka kijae ubao. Kikifika 25, ukishautundika sebuleni ni jitu linalokuangalia ukila.

Na rangi. Watoto wetu huzaliwa wakiwa na rangi nyepesi yenye wekundu, wanakolea baadaye. Ndiyo maana bibi huangalia masikio kwanza kabla hajatoa kauli. Fundi anayempaka mtoto mchanga rangi ya baba yake siku hiyohiyo amemzeesha bila kugusa sura. Kivuli nacho kisipigwe kwa nyeusi tupu juu ya kahawia. Kinatoka kijivu, mtoto anaonekana hajapakwa mafuta, na mama yake atalisema hilo mbele za watu. Changanya sehemu tatu za kahawia iliyokolea, moja ya nyekundu ya udongo, na bluu ya kugusa kwa ncha ya brashi tu. Ukitumia rangi ya mafuta, safu ya chini iwe na mafuta machache kuliko ya juu. Ukigeuza, ya juu itatangulia kukauka wakati ya chini bado inajivuta, na baada ya miezi michache mtoto ana mikunjo ambayo hukumchora. Kwa baridi ya Arusha ya Julai, ongeza siku za kusubiri kati ya safu na safu.

Mmoja tu katika hawa wakubwa angestahili kuchorwa mzee bila ugomvi. Louis XIV wa Ufaransa alizaliwa Septemba 1638 tayari ana meno. Wanawake waliopewa kazi ya kumnyonyesha wangekuwa na mengi ya kusema kuhusu utukufu wake.

Mtoto wa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliingia kwa hesabu. Paris ilikuwa imeshaambiwa mapema: mizinga 21 ni msichana, 101 ni mvulana. Asubuhi ya tarehe 20 Machi 1811 mizinga ikaanza, watu wakasimama barabarani wakihesabu. Ishirini. Ishirini na moja. Ulipolia wa 22, kelele zikaimeza ile 79 iliyobaki. Aliyewahi kusubiri penalti ya mwisho ya Simba na Yanga haitaji maelezo zaidi. Mtoto akaitwa Mfalme wa Roma hapohapo, kabla hata hajajua kunyonya.

Mwaka 1812 Georges Rouget alichora tukio lenyewe, Napoleon akiwaonyesha wakubwa wa dola mrithi aliyezaliwa siku hiyo. Kwa jicho la Moshi picha hiyo ina kichwa cha habari kimoja: "Hongera baba, umejifungua salama." Mtoto ameletwa kama mgeni rasmi anayetambulishwa itifaki izingatiwe, mbele ya wanaume waliovaa kwa ajili ya gwaride. Nani alinawa mikono? Nani kaja na sabuni, khanga, au hata pakiti moja ya nepi? Akina mama wakiiona hawamalizi hata dakika, wanataka watu wote watolewe chumbani.

Ila kilichochekesha zaidi kwa mtoto huyu ni picha nyingine, ya François Gérard, iliyosafirishwa mpaka Urusi kumfuata baba yake vitani. Ilifika tarehe 6 Septemba 1812, siku moja kabla ya mapigano ya Borodino. Mtoto ameshika mchezo wa kijiti na mpira, ule wa kurusha mpira na kuudaka kwa ncha. Waliomzunguka Napoleon hawakuona mchezo; waliona mpira ni dunia na kijiti ni fimbo ya enzi. Ni kichezeo cha Edward kilekile kimerudi baada ya miaka 270 na zaidi, kikisomwa vilevile. Napoleon akaitoa nje ya hema askari wake waione, kisha akaagiza iondolewe kwa kuwa mtoto anauona uwanja wa vita mapema mno. Kichekesho kinaishia hapo, maana kesho yake watu waliuawa na kujeruhiwa kwa makumi elfu. Mtoto mwenyewe alikulia Vienna kwa babu yake mzaa mama, akafariki mwaka 1832 akiwa na miaka 21. Ile dunia ya kwenye kijiti hakuidaka.

Kuna na picha ambayo watu wa huku wanaianza kwa kucheka, halafu wananyamaza wenyewe. Ni ya Felipe Próspero, mrithi wa Hispania, iliyochorwa na Diego Velázquez mwaka 1659, nayo iko Vienna. Mtoto ana karibu miaka miwili, amevaa gauni na aproni nyeupe, na kwenye aproni hiyo vimening'inizwa vitu: kengele ndogo, hirizi, makorokoro ya kufukuza kijicho. Mtu wa Unga Limited, Arusha, anaona duka la mganga linatembea. Kisha anakumbuka wanja wa kwenye paji la uso wa mtoto wa jirani, na uzi mweusi mkononi, na kicheko kinapungua. Pembeni kuna mbwa mdogo mweupe amelala kwenye kiti cha heshima, kidevu kwenye mkono wa kiti, na yeye peke yake ndiye anayeonekana amestarehe katika jumba lote. Felipe alikuwa mgonjwa-mgonjwa. Alifariki tarehe 1 Novemba 1661, hajatimiza miaka minne, na siku tano baadaye akazaliwa mdogo wake, Carlos, aliyekuja kurithi kiti. Mtoto huyu Velázquez alimpatia vipimo vyote. Kichwa ni cha mtoto, macho ni ya mtoto. Ndiyo maana ni vigumu kumcheka muda mrefu.

Lakini picha yenye mambo, ambayo ukiifungua kwenye simu mbele ya akina mama wanaokunywa chai inachukua saa nzima, ni ya Peter Paul Rubens: kuzaliwa kwa Louis XIII wa Ufaransa pale Fontainebleau. Iko makumbusho ya Louvre, Paris, urefu wake unakaribia mita nne na upana karibu mita tatu. Kwenye nyumba zetu nyingi ingebidi kwanza utoe bati.

Swali la kwanza huwa ni hilohilo: mzazi ni yupi? Kwa sababu Malkia Marie de' Medici amekaa kwenye kiti, nywele zimetulia, nguo za kifahari zimemwagika mpaka chini, anamtazama mtoto kwa huba kama mtu aliyekuja kumwona mzazi mwenzake. Kwa mila za Moshi mwanamke wa siku hiyo amelala ndani, moto unawaka, mtori unachemka, na mama mkwe yuko mlangoni akipima nani aingie. Hapa hakuna chungu. Hakuna mkunga. Hakuna hata beseni. Kuna mbwa.

Swali la pili: huyo mwenye nyoka ametokea wapi na kwa nini amepewa mtoto? Mtoto amebebwa na mtu ambaye nyoka amejizungusha mkononi mwake. Akina mama wanapiga yowe, na wana haki, ila nyoka huyo ni ndugu wa yule aliyejiviringisha kwenye kibao cha duka la dawa. Mwenye kumbeba ndiye Afya, na Haki naye yupo hapohapo, kwa maana kwamba mtoto atakuwa mzima na atatawala kihalali. Kuhusu uzima wa mwili Rubens hakuwa mtu wa kubania. Watoto wake wana mapaja yenye mikunjo mitatu. Ukiwapeleka kliniki, nesi anaomba kadi aone kama siku ya kuzaliwa haikuandikwa kwa makosa.

Swali la tatu ndilo linalovunja mbavu. Kuna mwanamke mwingine, huyu ni Uzazi, ameshika pembe kubwa iliyojaa maua na matunda, na katikati ya maua kuna vichwa. Vichwa vya watoto, vitano, vimechomoza kama nyanya kwenye tenga la soko la Kilombero. "Hao wengine ni wa nani?" Ni wake. Marie alizaa watoto sita. Louis ndiye huyu wa kwanza, na hao watano ni wale ambao bado. Rubens amewaweka kwenye foleni.

Aliwezaje kujua ni watano? Kwa sababu alichora baadaye sana. Louis alizaliwa tarehe 27 Septemba 1601. Marie alimpa Rubens kazi mwaka 1622: picha 24 za kutundika kwenye jumba lake la Luxembourg, Paris, karibu zote zikisimulia maisha yake mwenyewe. Wakati brashi inagusa lile shavu la mtoto mchanga, mtoto mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, mfalme, ana mke.

Na alikuwa amemfukuza mama yake. Hapa ndipo picha yote inapogeuka. Henri IV, baba, aliuawa mwaka 1610. Louis alikuwa na miaka minane, Marie akatawala kwa niaba yake, na alipokua hakuonyesha dalili ya kuachia. Mwaka 1617 kijana akatwaa madaraka kwa nguvu, akampeleka mama akaishi mji wa Blois chini ya ulinzi. Februari 1619 mama akatoroka usiku kwa kushuka dirishani na ngazi, akiwa na zaidi ya miaka 40 na si mwembamba. Wakagombana tena, wakapatanishwa, akarudi Paris, na moja ya mambo makubwa aliyofanya ni kuagiza ukuta mzima wa picha ambazo mwanawe angelazimika kupita mbele yake kila akija kumsalimia.

Kila mtoto wa Kitanzania anaijua sentensi hiyo. "Nilikubeba miezi tisa." Inatamkwa unapochelewa kurudi, unapooa bila kuuliza, unaposahau kutuma hela ya mbegu. Marie aliitamka kwa rangi ya mafuta, karibu mita nne kwenda juu. Ndiyo maana hana jasho: anayekukumbusha fadhila huwa hakumbushi na kelele alizopiga. Ndiyo maana baba hayumo. Henri alikuwa ameahidiwa mfululizo wake wa picha kwenye jumba hilohilo, ulianza, haukumalizika.

Kilichotokea kweli chumbani kinajulikana, kwa sababu mkunga, Louise Bourgeois, alikiandika. Uchungu ulichukua zaidi ya saa 22. Mtoto alitoka amelegea. Mkunga akataka mvinyo, akamweleza mfalme kwamba angekuwa mtoto mwingine yeyote angeujaza mdomoni mwake na kumpulizia. Mfalme akamwekea chupa mdomoni mwenyewe na kumwambia amfanyie kama angemfanyia mwingine. Mtoto akazinduka. Kisha Henri, kwa furaha, akafungua milango, na watu wapatao 200 wakajaa chumbani mpaka wa kumhudumia malkia akakosa pa kupita. Mkunga alipofoka, mfalme alimtuliza: mtoto huyu ni wa watu wote, acha kila mtu afurahi.

Pima mwenyewe ni ipi ingependeza kuchorwa. Mkunga mwenye mashavu yaliyojaa mvinyo, mfalme ameshika chupa, watu 200 wanasukumana, na kwenye kitanda mwanamke aliyechoka ambaye hakuna anayemwangalia. Rubens aliviacha vyote hivyo. Aliyemlipa hakutaka mtoto wa watu wote. Alitaka wa kwake.

Hata cheo cha mtoto kina mchezo wake, maana mrithi wa Ufaransa aliitwa Dauphin, neno ambalo kwa Kifaransa ni pomboo. Ukimwambia mtu wa bara kwamba watu 200 walijaa chumbani kumwona pomboo, anakuomba uache kunywa.

Turudi kwenye tenga. Kufikia wakati wa kuchorwa, vile vichwa vitano vilikuwa watu wenye historia zao. Elisabeth alikuwa malkia wa Hispania. Christine ameolewa Savoy. Gaston alikuwa kijana. Nicolas alikuwa ameshafariki tangu 1611, na Marie akamwacha abaki kwenye maua pamoja na wenzake, anasubiri zamu yake. Hapo hata wale waliokuwa wanacheka tenga la nyanya hupunguza sauti kidogo.

Wa tano ni Henriette-Marie. Mei 1625 ndiye aliyekuwa anaolewa, na Charles I wa Uingereza, na Rubens alikimbizana na tarehe ili picha ziwe tayari kwa ajili ya harusi hiyo. Kwenye kumbi za Arusha bibi harusi hupokelewa na bango lake mlangoni, ameshika maua. Huyu wa miaka 15 picha yake ilikuwa ukutani kwa mama yake, kichwa peke yake katikati ya maua, anasubiri kuzaliwa.